Mvua za Mchana na Sakafu ya Mama

Mama alitaka kujua kitu kimoja tu: maji yatafika wapi. Si maji ya ziwa wala ya Kampala nzima. Maji ya mlango wake. Marehemu baba, askari polisi aliyeitumikia serikali mpaka nywele zikawa nyeupe, alimwachia kiwanja kidogo Nateete, karibu na mfereji mkubwa, na baada ya miaka mingi ya nyumba za kupanga mama alikuwa ameamua kujenga. Fundi alikuwa amekwisha chimba msingi. Tofali zilikuwa zimepangwa na kufunikwa turubai. Kilichobaki ni uamuzi wa sakafu: ikae kimo cha goti kutoka ardhini, au ikae kimo cha kiuno?

Ungedhani jibu ni rahisi, weka juu ulale salama. Lakini mama ana goti. Nyumbani kwetu ukisema hivyo hakuna anayeuliza zaidi. Goti lake la kushoto huvimba, na kila ngazi anayopanda anaipanda kwa kulalamika, kwanza kwa Mungu, kisha kwa yeyote aliye karibu. Sakafu ya kiuno ilikuwa na maana ya ngazi asubuhi na jioni, akienda chooni, akimfuata mwuza mboga, siku zote za maisha yake yaliyobaki. Nyumba iliyo juu mno ingemfunga ndani. Iliyo chini mno ingemwogesha kitandani. Kwa hiyo hakuhitaji tahadhari, alihitaji jibu la kweli.

"Wewe unasoma maji," aliniambia. "Watu kubwa wanakuuliza maji ya miaka inakuja, unawajibu na mapicha ya rangi. Mimi nauliza ya mlango yangu tu. Hiyo unashindwa?"

Nisimame hapa kidogo niseme kwa nini mimi na mama tunasemezana Kiswahili, maana watu wa Kampala hunishangaa. Baba alikuwa Mlugbara, Mwislamu wa Arua. Mama ni Mwacholi, Mkatoliki wa Gulu. Walikutana katika kambi ya polisi, na lugha pekee waliyoweza kugombania na kupatania ilikuwa Kiswahili cha askari. Sisi watoto tukazaliwa ndani yake. Shuleni nikakinyoosha, mama hakukinyoosha, na wala simwombi akinyooshe.

Kazi yangu ni modeli za maji. Modeli ya maji ni kipande cha nchi kilichotengenezwa kwa hesabu ndani ya kompyuta: vilima vyake, mabati yake, lami yake, vinamasi vyake, na mifereji yake. Unakimwagia mvua kutoka juu, kisha unatazama chini maji yatapanda kiasi gani na yatakwenda wapi. Ukiwa na modeli nzuri unaweza kuimwagia mvua ambayo bado haijanyesha, ile inayotarajiwa hali ya hewa ikizidi kubadilika, ukauliza itakuwaje. Hapo ndipo watu wote hukaa kimya wakingoja jibu, na hapo ndipo mimi hupata raha ambayo sijaipata kwenye kitu kingine chochote. Wengine wana mpira. Mimi nina mfereji wa Nateete.

Ofisi yetu iko Kisenyi, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Kutwa nzima mnasikia nyundo za gereji na adhana, na mkitaka kuzungumza kwa simu mnaenda kujifungia stoo. Mwenzangu mkubwa katika kazi ile ni bwana mmoja aliyekimbia vita Bukavu, mtu mpole, anayevaa shati jeupe hata siku ya kuingia mferejini. Yeye ndiye mwenye vipimo: vya mvua kwenye mapaa, na kile kilichofungwa pale daraja la Nateete, kinachoandika kina cha maji mchana na usiku. Mimi ni mwenye modeli. Yeye huleta ukweli, mimi huleta ubashiri, na tunataniana kwamba siku tukigombana ofisi itabaki na ukweli mtupu.

Juma lile mama aliponibana, tulikuwa tumefika kwenye jaribio nililolingojea kama mtoto anavyongoja Idi na Krismasi kwa pamoja, na katika nyumba ya wazazi wangu tulikuwa tunazila zote mbili. Ukweli ni kwamba mtu yeyote mwenye subira anaweza kutengeneza modeli inayosema sawasawa yale yaliyokwisha tokea. Unakaza hapa, unalegeza pale, mpaka inatii. Huko ni kukariri. Lakini anayeuliza habari za mabadiliko ya tabianchi anauliza habari za mvua ambazo modeli haijaziona hata siku moja, na aliyekariri, ukimbadilishia swali, hubaki ametoa macho. Basi tuliigawa kumbukumbu yetu. Miaka yenye mvua kidogo tuliipa modeli ijifunze. Miaka yenye mvua nyingi tuliificha. Kama ingeweza kuibashiri miaka ya mvua nyingi kwa kusoma ya mvua kidogo tu, tungekuwa na sababu ya kuiamini ikituambia habari za kesho.

Mwenzangu aliifungia miaka ile kwa neno la siri na akakataa kuniambia.

"Wewe dada uko na haraka," alisema. "Utachungulia."

Nilikasirika, halafu nikacheka, maana ni kweli ningechungulia.

Asubuhi ya jaribio niliimwagia modeli mvua zote za miaka iliyofichwa, ikabashiri kina cha maji pale darajani, mstari wa buluu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha mwenzangu akaketi, akaandika neno lake la siri huku mkono mmoja umefunika kibodi, na mstari mwekundu wa maji ya kweli ukaanza kujichora juu ya ule wa buluu, mvua moja baada ya nyingine. Tulianza na mafuriko makubwa, kwa sababu ndiyo niliyoyataka. La kwanza likaja. Mwekundu ukapanda, wa buluu ukapanda, ikashikana mpaka kileleni. La pili, vilevile. La tatu nilikuwa nimesimama juu ya kiti, sijui nilipandaje. Modeli ambayo haikuwahi kuona mafuriko ya namna ile ilikuwa imeyaeleza kama iliyokuwepo.

Nilishuka kwenye kiti nikakimbilia stoo, nikampigia mama.

"Kimo cha goti," nilimwambia. "Mwambie fundi amwage zege. Hata mvua zikizidi, kimo cha goti kinatosha."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama. Imefaulu."

Niliisikia sauti yake ikimwita fundi huko nje, na kicheko chake, kicheko cha mtu aliyenusurishwa ngazi. Nilirudi mezani nikiwa mwepesi, nimejaa sifa, tayari kuwanunulia watu wote chapati. Mwenzangu alikuwa hajainuka. Alikuwa ameendelea kufungua mvua zilizobaki, za wastani, zile ambazo mimi nilikuwa sina hamu nazo.

"Dada, ngoja kwanza," alisema. "Bado kungali zingine."

Kwenye skrini mstari mwekundu ulikuwa umepaa juu ya ule wa buluu. Mvua ilikuwa ndogo kuliko zile za mwanzo, lakini maji ya kweli yalikuwa yamepanda mno, na modeli yangu ilikuwa imebaki chini imetulia kana kwamba hakuna kitu. Akafungua nyingine. Vilevile. Akafungua nyingine, hii ikawa sawa kabisa, buluu na nyekundu zimeshikana. Inayofuata, vibaya. Modeli inayokosea siku zote unaweza kuirekebisha. Modeli inayofaulu kwenye magumu ikafeli kwenye mepesi, tena leo ndiyo kesho siyo, hiyo inakuchezea.

Tukaanza kubishana. Mimi nilisema kipimo chake kimeharibika. Yeye akasema kipimo chake kiko salama, alikisafisha mwenyewe. Nikasema labda paa zimeongezeka, zinamwaga maji mengi zaidi mferejini. Akasema zingekuwa zimeongezeka kwa mvua zote. Kisha akaanza kupitisha kidole kwenye skrini, pembeni, mahali palipoandikwa saa.

"Angalia masaa," alisema. "Zenye imepata, zote ni za usiku ao za mapambazuko. Zenye imekosa, zote ni za muchana."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli, bila hata moja ya kupotoka. Sisi tulio karibu na ziwa mvua zetu kubwa hupenda kuja alfajiri, na modeli yangu ilikuwa inayajua maji ya alfajiri kama kiganja cha mkono wake. Ya mchana haikuyajua hata kidogo. Lakini maji hayana saa mkononi. Kwa nini maji ya mvua ileile, kwenye mfereji uleule, yapande zaidi kwa sababu tu jua limekwisha toka?

Na nilikuwa na zege inayomwagwa Nateete. Nilimpigia mama, simu haikupokelewa. Nikapiga tena. Kisha nikashuka ngazi za duka la vipuri nikiruka, nikamdaka mwendesha boda, nikamwambia Nateete, haraka. Tulipita pembeni ya soko la Owino, watu wakiwa wameanza kufunika nguo za mitumba kwa nailoni, na hapo ndipo nilipotazama juu. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limekaa jeusi. Ilikuwa saa ya watu kumaliza chakula cha mchana.

Nilimkuta fundi amepiga magoti ndani ya msingi, kamba imevutwa kimo cha goti, karai la kwanza limekwisha mwagwa pembeni. Nilipiga kelele asimame. Fundi ni Mganda wa palepale Nateete, mtu mwenye bidii na asiyependa kusimamishwa.

"Nnyabo, bibie, sasa nini tena? Mama amesema tumwage. Mimi reo namariza."

"Leo humalizi. Ngoja kidogo."

Mama alitoka kwenye chumba alichopanga, kiko ng'ambo ya njia tu, mkono mmoja umeshika goti, mwingine umeshika kiunoni. Sura yake ilinitosha. Nilianza kumweleza mambo ya mstari mwekundu na wa buluu, nikachanganyikiwa, yeye akanitazama kama anavyotazama redio inayokoroma.

"Asubuhi ulikuwa na hakika," alisema. "Sasa hakika imeenda wapi?"

Tone la kwanza likatua kwenye turubai. Mama akatazama mbinguni, akaingia ndani, akatoka na gunia la takataka lililofungwa mdomo kwa kamba ya mgomba. Akanipa mkononi, kama alivyonipa maelfu ya mara tangu nikiwa na miguu ya kubeba. Nami nikalipokea bila kufikiri. Mvua inakuja, takataka zinakwenda. Ndivyo tulivyokua. Gari la taka haliingii vichochoro vile, na likiingia haliji siku unayolitaka, basi watu huweka takataka zao nyuma ya nyumba wakangoja wingu. Mvua ikianza, unakimbiza gunia mferejini, maji yanalichukua, yanaondoka nalo, umemaliza.

Nilikimbia nalo. Kila mlango ulikuwa umefunguka. Mke wa jirani na gunia, mzee wa cherehani na boksi la vipande vya nguo, mama mwuza matoke na rundo la maganda kwenye kavera, ile mifuko ya nailoni isiyooza hata ukiifanyia maombi. Tulikuwa tunasalimiana tukikimbia, tumefunika vichwa, kuna hata shangwe fulani. Nikafika ukingoni pale kwenye kalavati, yale mabomba makubwa ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara. Nikainua gunia kichwani nilitupe.

Na mikono ikaniganda hewani.

Chini yangu magunia yalikuwa yanaelea kuelekea kwenye mdomo wa bomba, yanagongana, yanageuka, na moja likaingia nusu likakwama. La pili likakaa juu yake. Kavera zikajibandika juu ya hayo. Nikasikia maji yakibadilisha sauti, kutoka mlio wa kukimbia hadi mlio wa kujaa. Nyuma ya magunia, kuelekea daraja lenye kipimo chetu, mfereji ulianza kupanda ukuta wake, mbele ya macho yangu, kwa mvua ambayo wala haikuwa kubwa.

Ndani ya kompyuta yangu kalavati lile lilikuwa wazi siku zote, safi kama lilivyochorwa na mhandisi. Na alfajiri lilikuwa wazi kweli, kwa sababu alfajiri watu wako kitandani na magunia yako nyuma ya nyumba, na yale ya mvua iliyopita maji yamekwisha yasukuma yakapita. Modeli ilikuwa imefaulu mafuriko makubwa si kwa kuwa imeuelewa mfereji, bali kwa kuwa mafuriko makubwa tuliyokuwa nayo yaliwakuta watu wamelala. Mvua kubwa ya mchana haikuwemo kabisa kwenye kumbukumbu yetu. Haikuwa imetokea bado. Na nani ameniahidi kwamba hali ya hewa ikibadilika, mvua zitaendelea kuja saa zilezile?

Nilianza kucheka. Nilikuwa nimelowa chapachapa, nimebeba gunia la takataka juu ya kichwa, nacheka peke yangu kwenye ukingo wa mfereji, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Mama mwuza matoke akamwita mama yangu aje anitazame.

Gunia nilirudi nalo nyumbani. Mama hakuamini macho yake.

"Umelirudisha?" aliuliza. "Mvua imekuja, na wewe umelirudisha?"

Kesho yake mimi na mwenzangu tuliziba kalavati ndani ya kompyuta. Hatukuliziba lote. Tuliliziba kidogokidogo, kwa mvua za mchana tu, kama nilivyoona kwa macho, na tukaimwagia modeli mvua zile ilizozikosa. Mstari wa buluu ukainuka, ukaufuata mwekundu, ukaushika. Mwenzangu, mtu wa shati jeupe na maneno machache, alipiga meza mpaka chai ikamwagika.

"Batu ndio walikosekana mu modeli," alisema. "Tuliweka mvula, tukaweka mawe, tukasahau batu."

Kisha tukauliza swali lililobaki, na hilo hatukulishangilia. Modeli za anga, zile zinazobashiri mvua yenyewe, hubishana zenyewe kwa zenyewe juu ya Uganda yetu, hii inasema mvua zitaongezeka hivi, ile inasema vile, na kuhusu saa za mvua karibu zote hugugumia. Tulichukua mvua nzito miongoni mwa zilizobashiriwa, tukainyesha mchana, kalavati likiwa limezibwa. Maji yalitoka mferejini, yakavuka njia, yakaingia kiwanja cha mama, yakapita kimo cha goti bila hata kusimama kupumzika. Yalikwenda kusimama karibu na kiuno.

Nilimpelekea habari mwenyewe, sikutaka kujificha nyuma ya simu. Alikaa kwenye kigoda akiliangalia goti lake kama anayeliomba msamaha.

"Kwa hiyo ni ngazi," alisema.

"Ni ngazi, mama. Lakini sijui kama mvua hiyo itakuja. Labda haitakuja kamwe. Najua tu kwamba ikija mchana, itafika hapo."

"Sababu ya takataka."

"Sababu ya takataka na mvua. Vyote viwili."

Nilikuwa tayari kwa matusi, kwa machozi, kwa kuambiwa nirudi na mashine yangu huko ilikotoka. Badala yake akamwita fundi. Akamwambia asogeze kamba kimo cha kiuno, lakini ngazi azifanye fupifupi na pana, na afunge bomba la kushikilia pembeni, na mbele aache veranda kubwa ya kupumzikia, maana akishapanda hatashuka upesi. Fundi alisema tofali hazitatosha. Mama akamwambia hilo si swali, ni kazi. Nilimtazama nikamwona baba, mkanda na kofia na kila kitu.

Alihamia kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Na hapa ndipo jambo likatoka mikononi mwangu. Mama, akiwa juu ya veranda yake ya kimo cha kiuno, aligundua kwamba anauona mfereji wote, kutoka kwenye duka la mkaa hadi kalavati. Siku ya kwanza wingu lilipotanda, akawaona majirani wakitoka na magunia. Akaingia ndani, akafungua sanduku la baba, akatoa filimbi yake ya polisi. Nilihadithiwa na fundi, ambaye alikuwa bado anapiga plasta. Anasema mama alipuliza mpaka mbwa wakajificha. Watu waliganda walipo, magunia vichwani. Mama akawapigia kelele kwamba atakayetupa, maji yake yatarudi nyumbani kwake, binti yake ameyaona kwenye mashine.

Bila shaka walimuuliza: sasa magunia tuyapeleke wapi? Naye, kwa kuwa hakuwa na jibu jingine, akasema walete kwake. Veranda ilikuwa juu, maji hayaifikii. Wayaweke hapo mpaka gari la taka lipatikane barabarani.

Ndiyo ikawa desturi ya njia ile. Mawingu yakikusanyika filimbi inalia, na watu wanakimbiza magunia yao, si mferejini, kwa mama yangu. Wanamwita Afande. Wanapanda ngazi zake fupifupi, wanapanga, wanamsalimia, wanashuka. Yeye analalamika kutwa kwamba amejengewa jalala, kwamba alitaka veranda ya kupumzikia akapewa stoo ya harufu. Lakini siku za mawingu husogeza kiti chake mbele mapema, na filimbi huwa imekwisha ning'inia shingoni.

Kisha mvua ile ikaja. Si ile nzito kuliko zote, lakini kubwa, na ya mchana, ya kwanza ya aina yake tangu tuanze kupima. Nilikuwa ofisini. Mwenzangu na mimi tulisimama mbele ya skrini tukitazama kipimo cha darajani kikituma namba, na pembeni modeli yetu mpya, yenye magunia ndani yake, imekwisha sema maji yatafika juu ya goti. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Mstari mwekundu ukapanda, ukapanda, halafu, mahali ambapo ulitakiwa kuendelea, ukalegea. Ukasimama chini kabisa ya ule wa buluu na kuanza kushuka.

"Imekosea," mwenzangu alisema.

Ilikuwa imekosea vibaya. Nami nilikuwa nimemkumbatia, shati jeupe na yote, nalia kwa furaha, kwa sababu nilijua palepale ni nani aliyeikosesha.

Jumapili nilikwenda Nateete. Mama alikuwa kwenye veranda, mguu umenyooshwa juu ya gunia la jirani.

"Maji ilifika kisigino," alisema hata kabla sijaketi. "Kisigino. Wewe ulinipandisha kiuno mzima."

"Modeli ilikosea, mama."

"Niliona."

"Ilikosea sababu yako. Bila filimbi ingefika juu ya goti."

Alifikiri kidogo. Niliona limempendeza, ingawa alijitahidi kukunja uso. "Basi niweke ndani ya hiyo mashine," alisema. "Ijue."

Nilikuwa nimekwisha mweka. Nilifungua kompyuta mapajani nikamwonyesha miaka ya mbele, mingi, jinsi maji yatakavyopanda pale mlangoni kwake hali ya hewa ikizidi kubadilika. Kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikaa chini, haukufika hata goti. Mwingine ulipanda, mwaka hadi mwaka, ukikaribia sakafu aliyokalia.

"Hii ya chini ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Na hii ya juu?"

Nilitamani ningeufuta kabla hajauliza. "Hiyo ni ya wakati wewe hupo," nilisema.

Akautazama. Alitazama unapoanzia na unapoishia, akapitisha kidole chake kwenye skrini akaacha alama ya vumbi. Kisha akaziangalia zile ngazi, mpaka chini, na kwa mara ya kwanza tangu zijengwe hakuzisemea kitu kibaya.

"Sawa," alisema. "Basi ngazi ikae."

Akainama, akavua filimbi shingoni, akaifuta kwa kitenge chake, akanipa.

"Puliza."

Nikapuliza. Ilitoka hewa na mate.

"Hiyo nani atasikia? Tena."

Nilivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, nikapuliza tena, na ng'ambo ya mfereji mwanamke aliyekuwa anaanika nguo akasimama, akatazama juu kutafuta wingu.